Nairobi–New York: kilomita zinajulikana, masaa ndio yana stori

Mtu wa nyumbani akipanga kuja huku Marekani swali la kwanza halikosi: Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi? Na akiuliza hivyo anataka namba moja tu, hataki hotuba. Ukimwambia kumi na tano anaona unamtisha bure, manake yeye ashaingia kwenye intaneti akaandika majina ya hizo eapoti mbili, akaletewa kilomita elfu kumi na moja na ushee na masaa kumi na tatu na dakika zake. Mwengine, ami yangu, ana tiketi mkononi inamwambia unaondoka Nairobi karibu saa sita usiku na unafika New York kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kahesabu kwa vidole kapata saba. Saba! Basi la Mombasa kuja Nairobi lenyewe likikuta malori Mtito Andei linaweza kuzidi hizo, alafu wewe uvuke bahari ya Atlantiki kwa saba.

Sasa hizo namba zote tatu zimetoka mahali, hakuna iliyobuniwa, ila kila moja inapima kitu chake na hakuna hata moja inayokwambia utatoka nyumbani saa ngapi na utakaa kitini muda gani na utavua viatu saa ngapi kwa mwenyeji wako. Wacha niziweke hapa zote nikiulizwa tena niwe natuma link tu.

Tuanze na kilomita manake hizo ndio rahisi. Kutoka JKIA, eapoti ya Nairobi, mpaka JFK ya New York kwa njia fupi kabisa juu ya mgongo wa dunia ni kama kilomita 11,835. Watu wa ndege wao wanatumia maili za baharini, moja ni kilomita 1.852, kwa hivyo kwao ni kama 6,390, na ukitumia maili za Wamarekani za barabarani inakuwa kama 7,350. Nasema hivi kwa sababu kwenye grupu la familia watu walibishana jioni nzima mmoja na elfu sita mwengine na elfu saba mwengine na kumi na moja, na wote walikuwa wanasema umbali huo huo mmoja.

Lakini hiyo njia fupi yenyewe ipite wapi? Hapa ndipo ramani ya ukutani inapotudanganya wengi. Ukichukua rula ukapiga mstari kutoka Nairobi mpaka New York kwenye ramani ya kawaida, utapita Kongo kule kaskazini, Afrika ya Kati, Nigeria, Mali, utokee baharini upande wa Mauritania. Inaonekana sawa kabisa. Sasa chukua tufe, lile la dunia la darasani, ubane uzi juu ya Nairobi uuvute mpaka ukaze juu ya New York, uone uzi utakaa wapi. Unapanda kaskazini zaidi ya ulivyodhani: kaskazini ya Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, unakata Sahara ya Algeria, unapita Morocco, ndio unaingia Atlantiki. Na katikati ya bahari unapita karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, ukiendelea unapanda mpaka juu kidogo ya New York yenyewe halafu ndio unateremka. Yaani njia fupi inapitiliza kwa kaskazini kisha inarudi. Ukiangalia ile skrini ya mbele ya kiti ukaona ndege inachora upinde usiseme rubani anazunguka apate kuchoma mafuta. Ule upinde ndio mstari wenyewe ulionyooka, ramani ndio imepinda kwa sababu imelazimishwa iwe bapa.

Na hata hapo ndege haifuati uzi huo hasa hasa. Kuna njia za angani zilizopangwa, kuna mawingu ya mvua pale karibu na ikweta ambayo hakuna rubani anayetaka kuyapitia kati, kuna nchi ambazo anga yake haipitiki. Sudan kwa mfano iko pembeni tu ya mstari huo na anga yake ilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipoanza Aprili 2023, na Libya kampuni nyingi zimekuwa zikiikwepa kwa miaka. Kwa hivyo hizo 11,835 zichukulie ndio chini kabisa ya umbali, siku yoyote utakayosafiri utaruka zaidi ya hapo. Kidogo ama sana, itategemea usiku wenyewe.

Sasa masaa. Ile namba kumi na tatu ya intaneti inatoka hapa: ndege kubwa za siku hizi kama Boeing 787 zikiwa juu zinakwenda kama kilomita 900 kwa saa, gawanya 11,835 kwa 900 unapata masaa 13 na dakika 9 hivi. Hesabu ya darasa la sita. Haina kosa kama hesabu, ila imechukulia kwamba ndege inaamka na mwendo wa 900 na inalala na 900, na kwamba hewa huko juu imetulia tuli. Hewa haijatulia.

Kenya Airways walipoanzisha safari ya moja kwa moja Nairobi New York tarehe 28 Oktoba 2018, walitangaza masaa kama 15 kwenda na 14 kurudi. Njia ni moja, ndege ni moja, umbali ni mmoja, kwenda ni lisaa limoja zaidi ya kurudi. Nimewahi kuelezewa na mzee mmoja mwenye heshima zake kwamba ni kwa sababu dunia inazunguka, ukienda magharibi unaikimbilia na ukienda mashariki sijui inakukimbia. Sasa ukifikiria tu vizuri utaona hiyo kidogo ingekuwa kinyume, na pia haiwezi kuwa manake hewa nayo inazunguka pamoja na dunia na ndege iko ndani ya hewa. Sababu ni upepo. Huko juu kama kilomita kumi hivi kuna mikondo ya upepo mkali sana inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mwembamba kama mto lakini mrefu maelfu ya kilomita, na katikati yake upepo unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ukienda Marekani unapambana nao uso kwa uso, ni kama kushuka feri ya Likoni na watu wa upande wa pili washaachiliwa kupanda, unatembea mwendo wako ule ule lakini husogei. Ukirudi Nairobi unasukumwa mgongoni.

Wengi wakisikia habari za huu upepo wanafikiria ni Atlantiki tu. Hapana. Upo mwengine unapita juu ya Sahara, na majira ya baridi ya kaskazini, Disemba Januari Februari, ndio unakuwa na nguvu. Kwa hivyo safari hii unakutana na upepo mkali mara mbili, ukiwa bado uko juu ya Algeria na tena ukiwa baharini. Ndio maana mtu akiniuliza Disemba nampa jibu tofauti kidogo na la Julai. Upepo huo unaweza kufanya maajabu pia kwa anayeenda nao: Februari 2020 wakati wa ile dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa masaa 4 na dakika 56, safari ambayo kawaida inakaribia saba, na kuna wakati ilikuwa inakwenda zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa ukipima kutoka chini ardhini. Ilikuwa ni 747, ndege ya kawaida tu, imebebwa.

Alafu kuna kitu ambacho tiketi haikwambii: yale masaa yaliyoandikwa kwenye tiketi sio ya kuruka. Yanahesabiwa kutoka ndege inapoanza kusukumwa kutoka getini mpaka inaposimama kabisa kwenye geti la upande wa pili. Ndani yake mna kupanga foleni ya kuruka, mna kupanda, mna kuzungushwa juu ya New York kusubiri zamu, mna kuburuzika chini JFK, na JFK kule chini jamani ni safari nyengine. Ukishuhudia matairi yamegusa ardhi watu wanapiga makofi usifungue mkanda, utakaa hapo ndege inatambaa, inasimama, inapisha nyenzake, inatambaa tena. Kampuni zote za ndege zinajua hayo kwa hivyo zinaongeza dakika kwenye ratiba, na ndio sababu utasikia rubani anajisifu "tumewahi dakika ishirini" na kumbe hakuna aliyewahi, ilikuwa imewekewa akiba.

Sasa niwaambie kitu ambacho mimi ndicho kinanifurahisha zaidi kwenye hii safari, nacho ni Nairobi yenyewe. JKIA iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Sisi watu wa Pwani tukifika Nairobi tunahisi baridi tu, ndege inahisi hewa imekuwa nyepesi. Hewa nyepesi maana yake mabawa yanapata kitu kichache cha kukamata na injini nazo zinapata hewa chache ya kumeza, kwa hivyo ili ipae inabidi ikimbie zaidi chini, na kama ina mzigo mzito sana haitapaa salama kabisa. Na safari ya masaa 15 ndio ile unayotaka kujaza mafuta. Joto nalo linaifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Unaona sasa kwa nini kuondoka usiku wa manane wakati Nairobi imepoa sio ukatili kwa abiria, inasaidia. Bahati njia ya kurukia ya JKIA ni ndefu, zaidi ya kilomita nne. Ile Boeing 787-8 yenyewe, ndege ya safari hii, kiwandani wanasema inaweza kwenda kama kilomita 13,500, lakini hiyo ni kwenye karatasi, ukitoa mwinuko wa Nairobi, upepo wa uso, na mafuta ya akiba ambayo sheria inataka yabaki, ile nafasi unayodhani imebaki inapungua haraka.

Majirani zetu Ethiopia ndio wanaijua hii zaidi. Addis iko mita 2,300 na zaidi, juu kuliko sisi sana, na ndio maana kwa miaka mingi ndege zao za kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, Dublin ama Lomé, lakini nyengine, kama ya kutoka Washington, zikirudi zinakuja moja kwa moja. Watu wanaona ni ubahili ama tamaa ya kuokota abiria njiani (na abiria kweli wanawaokota Lomé), ila mlima ndio mwanzo wa habari. Kutoka Marekani unaruka kutoka usawa wa bahari hewa nzito, na upepo unakusukuma, unabeba mafuta yako yote na unafika.

Haya, masaa saba ya ami yangu. Kenya tuko masaa matatu mbele ya saa ya dunia, ile ya Greenwich, mwaka mzima hatubadilishi. New York wao wanachezea saa, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba wako nyuma yetu masaa saba, na miezi ya baridi wako nyuma masaa nane. Kwa hivyo ukiondoka Nairobi karibu saa sita usiku mwezi wa Januari, New York bado ni jioni ya siku hiyo hiyo, kama saa kumi alasiri. Ongeza masaa yako kumi na tano unafika asubuhi ya New York. Ile saba iliyobaki kwenye vidole ni kile kilichosalia baada ya saa za ukutani kukuibia nane, na hizo nane usizione zimekuokoa, mgongo wako umezihesabu zote.

Na hapo kuna jambo ambalo sijawahi kuona limeandikwa na mtu: usiku wake. Safari hiyo ya Januari unaondoka gizani, unakwenda magharibi, usiku nao unakwenda magharibi na wewe, kila ukisogea alfajiri iko nyuma yako haikufikii. Nyumbani Mombasa watu washaamka washasali washakunywa chai na mahamri, wewe uko juu ya Morocco giza totoro. Unafika New York mwezi wa kwanza jua bado halijachomoza. Masaa kumi na tano ya usiku mtupu, unalala unaamka usiku, unaangalia filamu mbili usiku, unakula usiku, unachungulia dirisha usiku. Kama ni Juni hapo mwisho mwisho unaona mwanga kabla ya kutua manake jua la New York mwezi huo linatoka mapema sana. Sisi tunaosali tunaona faida yake, unasali Ishaa Nairobi kabla ya kuondoka na Alfajiri ya Januari unaweza kuikuta pale pale eapoti New York umeshatua. Kurudi ndio mtihani. Ndege inatoka New York mchana, wewe unakimbilia mashariki na giza linakuja mbio kukupokea, majira ya baridi jua linazama masaa mawili matatu tu baada ya kuruka, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zimebanana kwenye muda ambao ardhini ungekuwa unasubiri wali uive. Aliyefunga atafuturu mapema, sawa, lakini wanazuoni wanasema unafuata jua unaloliona wewe dirishani sio saa ya Mombasa wala ya New York, kwa hivyo usifungue kinywa kwa sababu mamako ametuma ujumbe huku washafuturu. Na msafiri ana ruhusa yake anyway, sina haja ya kuwa shehe hapa.

Sasa tuje kwenye pesa na njia, manake si kila mtu atapanda ya moja kwa moja, bei zake zinajulikana, na ajenti atakuletea Dubai, Doha, Amsterdam. Hapa kilomita zinasaidia kuliko masaa. Nairobi mpaka Dubai ni kama 3,560. Dubai mpaka New York ni kama 11,000. Angalia hiyo namba ya pili tena. Umeruka masaa matano kutoka Nairobi, umefika Dubai, na bado New York iko mbali karibu sawa na ulipokuwa umekaa Nairobi, umepunguza kama kilomita mia nane tu. Jumla inakuwa 14,560. Doha nafuu kidogo, jumla kama 14,120. Sisemi ni njia mbaya, ndege zao nzuri, chakula halali bila maswali, na ukitaka kupita kununua dhahabu ni shauri lako. Lakini ujue umeenda kaskazini mashariki kwanza ndio ukaanza safari.

Amsterdam ndio inanishangaza. Nairobi Amsterdam 6,680 hivi, Amsterdam New York kama 5,850, jumla 12,530. Kilomita mia saba tu zaidi ya moja kwa moja. Kwa masaa ya kuruka ni kama lisaa moja. Kwa hivyo ukiona tiketi ya kupitia Amsterdam imeandikwa masaa ishirini na tano usilaumu umbali, masaa hayo uko benchi unasubiri. Na hapo ndio mimi nawapinga wale wanaosema moja kwa moja ndio bora siku zote. Ni bora kama unaishia New York, New Jersey, pengine Philadelphia. Wakenya wengi hawaishi huko. Wako Minnesota, Texas, Seattle.

Chukua Minneapolis. Ukipitia JFK unaruka jumla kama 13,490, ukipitia Amsterdam kama 13,360, yaani Ulaya ndio fupi, ijapokuwa mtu akitazama ramani anaapa umezunguka. Seattle ndio kichekesho kabisa. Mstari mfupi kutoka Nairobi mpaka Seattle ni kama kilomita 14,510, na unapanda moja kwa moja kaskazini unapita Ulaya unaenda mpaka juu ya Greenland unashukia Kanada. Ukipitia Amsterdam umeongeza kama kilomita kumi. Kumi! Ni kama Amsterdam iliwekwa pale kwa ajili ya watu wa Seattle. Ukipitia New York umeongeza zaidi ya elfu moja na mia mbili, na hujasema bado kuchukua mabegi JFK, kupita uhamiaji, kuyarudisha tena mabegi, na kutafuta ndege ya ndani. Binamu yangu anaishi kule akaambiwa na ajenti (simtaji, yuko mjini bado anauza) kwamba New York ndio "njia ya mkato" kwa sababu ni Marekani tayari. Marekani ni kubwa ndugu yangu, kutoka New York kwenda Seattle peke yake ni kama kilomita 3,900, ni Nairobi mpaka Dubai na chenji.

Ndugu wa Dar na Unguja nao huwa wananiuliza, wao New York iko mbali kama kilomita 12,440 wakihesabu kutoka Julius Nyerere, mia sita hivi zaidi yetu, na hakuna ya moja kwa moja, kwa hivyo chaguo lao ni waje Nairobi kwanza ama wapitie Addis, Ghuba, ama Ulaya. Hesabu ni ile ile, jumlisha vipande viwili kisha linganisha na mstari mfupi, usiangalie bendera iliyochorwa mkiani.

Kama mtu anadhani kumi na tano ni mateso, Singapore na New York ni zaidi ya kilomita 15,300, masaa kumi na nane na zaidi bila kutua, Singapore Airlines walianza tena mwezi huo huo wa Oktoba 2018 wakitua Newark, na sasa JFK pia. Dunia yenyewe nusu mzunguko ni kama kilomita 20,000, kwa hivyo hakuna eapoti mbili zinazoweza kuwa mbali kuliko hapo hata ufanyeje.

Sasa jibu langu la kweli kwa anayetoka Mombasa, kitanda mpaka kitanda. Treni ya SGR mpaka kituo cha Syokimau, Nairobi, kama masaa matano sita, ama ndege ya lisaa. Syokimau na eapoti ni karibu lakini foleni haijui karibu. JKIA pale getini barabarani abiria wamekuwa wakishushwa garini wapite ukaguzi kwa miguu, gari likaguliwe kivyake, na ndani kuna ukaguzi tena, na safari ya Marekani ina ukaguzi mwengine wa ziada karibu na kupanda, kwa hivyo masaa matatu kabla sio uoga, na mimi nasema hata manne. Kumi na tano ya ndege. Kisha JFK uhamiaji, hapa siwezi kukupa muda, kuna siku unapita kama maji na kuna siku ndege tatu zimetua pamoja utasoma kila tangazo ukutani. Mabegi. Forodha, na tafadhali ile nyama kavu mlioficha ndani ya kanga inachukuliwa, acheni kubishana na yule mbwa. Kisha treni ya eapoti mpaka kituo kinachoitwa Jamaica, hapo hapo New York, ama mwenyeji aje na gari. Jumla ukiniuliza mimi ni siku nzima na robo, wala hakuna mtandao utakaokupa namba hiyo manake haujui unatoka Nyali ama Kisauni.

Na tarehe. Wacha nimalizie na hii manake imewakosesha watu ndege. Ratiba zinabadilika na msimu, na ukiona tiketi imeandikwa 00:15 ya tarehe 15, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani eapoti unatakiwa uwe umeshafika jioni ya tarehe 14. Shangazi yangu sasa akipata tiketi namwambia asisome saa kwanza, anitumie picha, mimi nimwandikie kwa Kiswahili: Ijumaa jioni baada ya Magharibi uwe getini, Jumamosi asubuhi ya huku nitakuwa nje nakusubiri na koti. Koti lenyewe niambie saizi mapema.